Strahd, Vecna au Acererak, nani anatisha mezani kweli?

mwana_mikindani
Wadau habari za jioni. Naendesha D&D (Dungeons and Dragons, gemu ya kusimulia hadithi na kurusha dadu) huku Mtwara, tuko watano, kila jumamosi usiku barazani kwetu, mkeka chini na korosho ndo mazombi, ukiua unakula. Wiki iliopita nikawaletea lichi, yule mchawi aliejigeuza mfu na roho yake kaificha kwenye sanduku, nimemuandaa wiki mbili nzima alafu raundi tatu tu kaisha, mmoja akaniuliza "ndo huyu?" Iliniuma sana. Sasa nataka kampeni mpya yenye adui mfu mmoja wa kukaa nao miezi. Nisaidieni, nimchukue nani?

binti_nachingwea
Strahd kaka, yule bwana vampaya, wala usiwaze. Watu wanadhani anatisha kwa kunyonya damu, hapana. Toka Tracy na Laura Hickman walivomleta kwenye kitabu cha gemu cha Ravenloft mwaka 1983 yule ni mtu mwenye kidonda, kamuua mdogo wake Sergei siku ya harusi kisa anamtaka bibi harusi, Tatyana, na binti wa watu akajirusha kutoka ngomeni. Mpaka leo anamtafuta na nchi yake ya Barovia nzima imefungiwa nae kwenye ukungu.
Ulikosea kumficha lichi mpaka mwisho. Strahd mlete mapema. Mimi nilimleta msibani, wachezaji wanamzika baba yake Ireena, binti mmoja wa kwenye hadithi hiyo, jioni, akatokea, akatoa pole, akashika jeneza upande mmoja, akaondoka zake. Dadu haikurushwa hata moja. Umeme ulikua umekatika tuna chemli tu, nikasikia mtu anameza mate. Tangu siku ile wakifika nyumba yoyote wanaulizana nani kamkaribisha, maana bila kukaribishwa haingii.

dadu20_lindi
Acererak, nae ni lichi, muache mkuu. Kaburi lake liko kwenye Tomb of Horrors ya Gygax, mmoja wa waliobuni gemu yenyewe, ilochapwa 1978, kuna lile lisura la kijani limeachama mdomo, ukiingia umepotea, hata dadu hurushi. Inatisha usiku mmoja ila miezi sita watakukimbia.
Vecna, lichi mwingine, nampenda kwa ule mkono na jicho lake, vitu vyenyewe vipo kwenye gemu toka 1976. Ukitaka nguvu ya mkono lazima ukate wako kwanza. Nilimuwekea mchezaji mmoja ule mkono juu ya meza ndani ya hadithi, akakaa nusu saa anaugusa kiganja chake mwenyewe hajui afanyeje, wenzie wanamwambia kata, wengine usikate. Hapo adui mwenyewe hajatokea bado.

kijana_wa_ligula
Mbona mnaenda mbali, si tuna msukule hapahapa kusini? Mtu mmezika, arobaini imepita, alafu jirani anasema kamuona usiku analima shamba la mtu. Lichi anahitaji roho za watu kulisha lile sanduku lake, basi mpe shamba na misukule, wachezaji wamkute ndugu yao ameshika jembe. Nani atacheka hapo?

binti_nachingwea
Wazo zuri mdogo wangu ila waulize kwanza. Unaweza ukawa na mtu hapo mkekani kazika juzi, au bibi yake aliitwa mchawi. Kwetu kuna bibi alisingiziwa hivohivo mpaka akahama kijiji, sisi wote tulimjua na hakuna alichofanya. Kwaiyo kama unaweka msukule, mwenye shamba awe bwana mkubwa wa ngomeni, sio kizee wa pembezoni.

mwana_mikindani
Nimewaelewa wote, asanteni sana. Naanza na Strahd, na mazishi yale dada nayachukua kama yalivo. Msukule ntawauliza kabla hatujaanza. Sema zile karata za Tarokka, za kupiga ramli kwenye hadithi ya Strahd, sina, na bila zile sijui hazina tatu zimefichwa wapi wala Strahd mwenyewe atakutwa wapi.

binti_nachingwea
Chukua karata za kawaida za dukani. Ree mpaka kumi za kila aina weka fungu moja, zinakua 40, alafu picha zote 12 na majoka (joker) mawili fungu la pili. Hakikisha tu majoka yote yamo kabla hujanunua.