Mchezo wa Lamu ya mwaka 1880: nani ajifunike, nani aache kichwa wazi?

mwl_mchezo:
Asalaam aleikum. Wanafunzi wanaigiza maisha ya Lamu mwaka 1880, sehemu ya mwisho ni 1910, ambapo mjakazi aliyeachwa huru analivua buibui kwa furaha. Tumepanga mabibi wa kiungwana wavae buibui, wajakazi wavae leso na mtandio. Tumeambiwa tumekosea. Wapi? Zimebaki wiki 3.

KiwaNdeo:
Waaleikum salaam. Kote kuwili, mwalimu.

Buibui lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, utumwa ulipokwisha pigwa marufuku: Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907. Kabla yake bibi wa kiungwana wa Lamu akitoka, alitembea ndani ya shiraa, nguo kubwa iliyoinuliwa kwa vijiti kama hema, wajakazi wakiishika. Yeye huoni hata kisigino.

Na hao walioshika vijiti? Kichwa wazi. Kujifunika ilikuwa heshima ya muungwana, mjakazi hakuruhusiwa. Huo mtandio wenu ndio unaovunja mchezo mzima. Wafungeni kaniki (kitambaa cha pamba cha rangi nzito) au merikani (pamba isiyotiwa rangi) chini ya makwapa, mabega nje. (Ndani watie fulana, wazazi wasije juu.)

bint_langoni:
Naongeza, maana watazamaji watauliza. Si Lamu peke yake. Sheria za Ashuru, dola ya kale ya eneo la Iraki ya leo, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zilimtaka mke wa mtu ajifunike njiani. Kahaba akikutwa kajifunika alipigwa fimbo 50 na kumwagiwa lami kichwani, mjakazi alikatwa masikio. Kule Travancore, kusini mwa India, wanawake wa Nadar walikatazwa kufunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu, hadi tangazo la 1859 likawaruhusu. Kwa Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, mambo ni kinyume: anayeziba uso ni mwanamume.

Kwa hiyo yule mhusika wenu anayelivua buibui mwaka 1910 kwa furaha ya uhuru, mwondoeni. Aliyeachwa huru alilivaa. Jeusi moja, kwake na kwa aliyekuwa bibi yake. Njiani hujui nani ni nani.

fundi_cherehani:
Nije kwenye mkasi.

Shiraa: pamba nzito. Nailoni ikipata upepo wa baharini inageuka tanga na kuwavuta walioshika. Mwache upenyo mbele, msichana asijikwae ngazini.

Leso: iliyoandikwa jina (ule msemo wake) kwa herufi za Kirumi haifai 1880. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Kama lazima leso iwepo, shoneni ile ya asili: vitambaa vya mraba 6, safu 2 za vitatu vitatu.

Buibui la 1910 ni la kamba, si haya ya leo yaliyo wazi mbele na shanga mikononi. Kitambaa cheusi kipana kinashonwa kama gunia lisilo na kitako, kamba inapita kwenye paji na kufungwa kisogoni, nguo inayobaki inaangukia mgongoni na mkono unaikusanya usoni. Kosa la wengi ni kushona kamba pembeni kabisa mwa kitambaa: haibaki nguo ya kuvutia usoni, na buibui linateleza kila akiinama.

mwl_mchezo:
Na mkono ulioshika buibui, kikapu abebe vipi?

fundi_cherehani:
Kwa ule mwingine, chini ya buibui. Wafanye mazoezi na kikapu kitupu kwanza.