Kuweka vipimo vya presha ya mzee kwenye simu, inasaidia kweli?

Wakuu habari zenu, mzee wangu ana presha yuko Tanga mimi niko Dar, kila akienda kliniki daftari kalisahau, daktari anaanza upya. Nataka vipimo na dawa zake viwe kwenye programu ya simu nami nivione huku. Kuna anayetumia?

Jibu: Inasaidia mkuu, ila kurekodi tu hakushushi presha, namba lazima zimfikie daktari abadilishe dozi. Apime asubuhi na jioni, akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, apime mara 2 na aandike zote hata zile mbaya maana wazee wanapenda kuficha. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 kwenda juu mwambieni daktari.

Jibu: Naongezea, nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Andika na dawa alizoruka, hapo ndo daktari anajua tatizo ni dawa au hazinywewi. Weka pasiwedi, na mzee mwenyewe akubali uzione.

Jibu: Ikigonga 180/120 na kifua kinauma au mdomo umepinda, msihangaike na simu, mkimbizeni hospitali.