Familia ya Bibi Ngamiani: kompyuta ya kikoba

Mama Zuhura: Jamani nani kaichezea kompyuta yangu? Faili la kikoba halifunguki. Picha za harusi ya Zuhura nazo zote zimegeuka vikaratasi vyeupe

Da Asha: Hebu tuma picha tuone

Mama Zuhura: [Picha]

Da Asha: Mbona kila faili lina mkia wa herufi nne za ajabu?

Mama Zuhura: Na kila folda ina karatasi imeandikwa _readme. Kizungu kitupu. Nimeona dola 980 mwili ukaniisha nguvu

Anko Rama: Chini yake wameandika ukiwatafuta ndani ya saa 72 ni nusu, 490?

Mama Zuhura: Ndiyo! Umejuaje?

Anko Rama: Barua hiyo naijua kwa moyo dada. Kirusi kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu. Kinafunga mafaili, kisha wenye nacho wanadai pesa wakufungulie. Chomoa flashi zote, usifute kitu. Dullah yuko wapi?

Dullah: Shikamoo anko

Anko Rama: Marahaba. Ulipakua nini?

Dullah: Hamna anko

Da Asha: Dullah 😂

Dullah: Gemu la GTA tu. Jumamosi. La bure

Anko Rama: Lilikuja limefungashwa kwenye faili la rar lenye paswedi, wakakwambia zima antivirusi kwanza

Dullah: Walisema antivirusi inakosea, inaiona kraki, ile ya kufungua gemu bila kulipia, kama kirusi. Na watu kibao waliandika imekubali

Anko Rama: Hao walioandika ni wenye kirusi wenyewe. Paswedi wanaiweka ili antivirusi isichungulie ndani. Na kwa kuwa hata kraki isiyo na kirusi hupigiwa kelele, nyie mshazoea kumwambia mlinzi akalale. Faili lilikuwa na ukubwa gani?

Dullah: MB 900. Waliandika limebanwa

Anko Rama: GTA V inazidi GB 70! Hata ulibane kama robota la mitumba halifiki hapo

Dullah: Nilipobonyeza ikatokea Windows inajisasisha, nikaiacha nikaenda kula

Anko Rama: Hiyo haikuwa Windows, lilikuwa pazia. Wewe unakula wali, huku nyuma mafaili yanafungwa moja moja

Mama Zuhura: Jumapili wanachama 23 wanataka hesabu. Na saa 72 ndiyo zinaisha leo. Dola 490 si kama milioni na laki mbili? Nikope?

Anko Rama: Usikope, usilipe. Wanasema watumie faili moja wakufungulie bure, hicho ni chambo

Bibi: [Ujumbe wa sauti 0:41]

Da Asha: Bibi anauliza lile daftari la kikoba mlilomcheka nalo liko wapi

Mama Zuhura: Lipo mama. Limeishia mwezi wa tatu

Anko Rama: Excel na picha ni ngumu. Video ya harusi ina nafuu. Kirusi hiki kina haraka, kinafunga KB 150 hivi za mwanzo wa faili kisha kinahamia lingine. Video ya GB 3 mwili wake karibu wote upo. Nitafutie nyingine iliyopigwa kwa kamera ileile, nitajaribu kuiunga

Anko Rama: Sasa fungua ile barua, mwisho kabisa kuna mstari mrefu wa herufi na namba. Mbili za mwisho ni zipi?

Mama Zuhura: t1

Anko Rama: Angalia vizuri

Mama Zuhura: Nimevaa miwani Rama. T ndogo, moja

Anko Rama: Dullah, ulipobonyeza intaneti ilikuwepo?

Dullah: Bando liliishia kwenye kupakua. Mama mdogo alinigombeza sana

Mama Zuhura: GB 1 yangu nzima! Na toka siku hiyo sijaiunganisha

Anko Rama: Alhamdulillah. Kilikosa intaneti, kikashindwa kuomba ufunguo mpya kwa wenye nacho, kikafungia kwa ule kilichokuja nao. Huo ni mmoja kwa watu wengi, na ile t1 ndiyo alama yake. Kampuni ya Emsisoft ina programu ya bure ya kufungulia mafaili tangu 2019, ufunguo wa namna hiyo ukipatikana wanauweka humo. Siahidi, huenda wetu haujapatikana bado. Lakini bando lingekuwepo ningekwambia usahau

Da Asha: Kwa hiyo Dullah kumaliza bando ndiyo kaokoa kikoba 😂😂

Mama Zuhura: Asha usimpe kichwa

Anko Rama: Usiiwashie hotspoti. Kirusi hiki mara nyingi kinakuja na mwenzake wa kuchota paswedi ulizohifadhi kwenye Chrome. Badili za benki na imeili kwa SIMU, si kwa kompyuta hiyo

Mama Zuhura: Ya benki tayari. Ya imeili sikumbuki hata ya zamani

Anko Rama: Nitakupigia tuifanye pamoja. Ijumaa nakuja na diski mpya. Nitanakili kila kitu kilivyo, hata vilivyofungwa, ndipo nisafishe, ndipo tuingie mtandaoni

Dullah: Anko, na gemu je, litakuwepo?

Mama Zuhura: Dullah njoo sebuleni