Giaboksi otomatiki ya Fielder (U340E): rivasi inachelewa ikishapata moto. Naifungua kwa utaratibu gani?

spana_kumi

Wakuu, habari za kazi. Nina Corolla Fielder NZE121, injini 1NZ-FE, giaboksi U340E ya gia nne, inavuta magurudumu ya mbele. Ikiwa baridi haina tatizo, mbele na nyuma inashika. Ikishatembea kama nusu saa, ukiweka R inakaa sekunde tatu au nne ndipo inashika, tena kwa kishindo. Ukirudi nyuma kwenye kamwinuko, injini inapanda resi na gari halisogei. D bado iko sawa kwa gia zote nne. Oili imekuwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kuungua. Kwenye dipstiki, kiwango kiko kwenye alama ya HOT.

Giaboksi za manual nazifungua bila shida. Kwa hii ya auto naomba mnielekeze: naanzia wapi, nini kisipotee, na nini nibadilishe hata kama kwa macho kinaonekana kizima.

fundi_wa_torki

Mkuu, usishike spana kwanza. U340E ukishajua ni klachi gani inafanya kazi kwenye gia ipi, unafungua ukiwa tayari unajua unachokitafuta.

Ndani, klachi inaunganisha sehemu zinazozunguka, breki inazuia sehemu isizunguke. Kuna klachi tatu: C1 ya mbele, C2 ya daireki na C3 ya rivasi. Kuna breki tatu: B1 na B2 za gia ya pili na ya nne, na B3 ya gia ya kwanza na rivasi. Halafu kuna klachi mbili za njia moja, F1 na F2. Gia ya kwanza ukiwa D ni C1 na F2. Ya pili ni C1, B2 na F1. Ya tatu ni C1 na C2. Ya nne ni C2 na B1. Rivasi ni C3 na B3 peke yake.

D yako ni nzima kwa gia zote nne, maana yake C1, C2, B1, B2, F1 na F2 zinashika. Wanaobaki ni wawili, C3 na B3. Kuwatenganisha ni rahisi: gari likiwa limepata moto, weka L (gia ya chini kabisa), nenda kilomita 20 kwa saa, kisha achia mafuta. Kwenye L, B3 inasaidia F2 ili injini ilizuie gari. Ukihisi gari linazuiwa vizuri, B3 inafanya kazi na mshukiwa wa kwanza ni C3. Gari likiteleza tu kama liko N, B3 imekwisha. Ila zingatia kwamba mzigo wa B3 kwenye L ni mdogo kuliko kwenye rivasi, kwa hiyo B3 iliyochoka nusu inaweza kukudanganya kwenye kipimo hiki.

Pima na muda wa kushika. Oili iwe kati ya nyuzi 50 na 80 za Selsiasi, injini iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), breki ya mkono imevutwa. Toka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, toka N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, subiri dakika moja kila mara, halafu chukua wastani. Kipimo cha kukanyaga mafuta gari likiwa limezuiwa kwa breki sikushauri kwa giaboksi ambayo tayari inanuka. Hata kwa nzima hakitakiwi kuzidi sekunde tano.

Solenoidi (valvu za umeme) nazo zipimwe kabla hazijasingiziwa. S1 na S2 ziwe kati ya ohm 11 na 16 zikiwa baridi. SLT, inayotawala presha, iwe kati ya 5.0 na 5.6. SLT ikiwa na kasoro, presha inayumba kwenye gia zote, si rivasi tu. Kwa dalili ulizotaja siitegemei, lakini kuipima ni dakika mbili.

Baharia wa Gereji

Kwa nini usitafute tu giaboksi ya mtumba kutoka Japani? Pale Gerezani, Dar es Salaam, zipo, unafunga siku hiyo hiyo.

fundi_wa_torki

Ni njia, sikatai, kwa mwenye gari anayetaka gari jioni. Lakini giaboksi iliyokaa miaka 20 ina mipira ya umri uleule. Kinachomsumbua huyu ndugu ni mpira kukakamaa, na hautofautishi giaboksi ya Dar na ya Japani. Ukinunua mtumba, angalau shusha sampu (bakuli la oili la chini) dukani kabla hujalipa, utazame sumaku zilizomo.

mama_gia

Naongezea upande wa kuishusha na kuifungua, maana hapo ndipo wengi wanaotoka kwenye manual wanaumia.

Kata betri, mwaga oili, ondoa stata. Bolti sita za torki konvata (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) zifunguliwe kabla giaboksi haijatengana na injini, moja baada ya nyingine huku ukizungusha krenki. Giaboksi ishuke na konvata yake ndani. Ukiivuta konvata ikabaki kwenye injini, uzito unaning'inia kwenye shingo yake na unaharibu sili na bushi ya pampu. Ikishafika mezani, chomoa konvata kwa mikono miwili, ikiwa imenyooka, na beseni liwe chini kwa sababu bado imejaa oili.

Osha nje yote kabla ya kufungua bolti moja. Punje ya mchanga ikiingia kwenye valvu bodi (inayogawa presha ya oili) inakwamisha valvu, na kazi yote inarudiwa.

Toa swichi ya gia na sensa, kisha sampu. Sampu usiibandue kwa bisibisi, aluminiamu ikichanika itavuja maisha yake yote. Zisome sumaku kabla hujazifuta. Unga mweusi laini ni kawaida. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni za beringi, gia au pleti za chuma. Chembe za rangi ya shaba ambazo sumaku haizishiki ni za bushi, na hapo ujue kuna shafti inacheza.

Fuata chujio, waya wa solenoidi, halafu valvu bodi. Bolti zake hazina urefu mmoja. Chora umbo la valvu bodi kwenye boksi gumu, toboa matundu, kila bolti ikae kwenye tundu la mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua kesi au inaacha bodi bila kukaza, na presha inavujia hapo. Unapoishusha, ishushe ikiwa sawasawa na mkono mmoja chini, kwa sababu kuna goroli za valvu na springi zinaweza kudondoka. Piga picha kabla na baada. Goroli moja ikikaa shimo lisilo lake, utapata gia inayoshika kwa kishindo, na hutajua sababu.

Sasa, kabla hujaendelea kufungua, fanya kipimo kinachorukwa na mafundi wengi: puliza upepo wa kompresa kwenye tundu la kila klachi na kila breki hapo valvu bodi ilipotoka. Kilo 4 kwa sentimita ya mraba zinatosha, yaani kPa 392, na upepo uwe mkavu. Nzima inatoa mlio mmoja wa "tup" pistoni inapogonga pleti. Inayovuja inatoa "fssss" mfululizo. Kwa gari lako nategemea C3 ipulize bila kugonga, au igonge kwa uvivu. Ramani ya matundu imo kwenye kitabu cha U340E, usikisie.

Pistoni za akyumuleta (zinazolainisha ushikaji wa klachi) zinatolewa kwa upepo huohuo, polepole, ukiwa umefunika tambara lisilotoa nyuzi. Springi zake zinatofautiana urefu na rangi, kila moja ikae na pistoni yake.

Ukifika kwenye mwili mkubwa, pima kwanza mchezo wa shafti ya kuingiza kwa dayo geji (saa ya kupimia mchezo) na uandike. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganisha wakati wa kufunga. Difu itakapotoka, shimu za beringi za kushoto na kulia zisichanganyike. Pampu itoke kwa kivuta, si kwa kuibandua pembeni. Gia kubwa ya kaunta isipovuma na beringi yake ikizunguka laini, iache ilivyo.

Beringi bapa na washa zake ndizo zinazowatesa wengi. Zinabaki zimenata nyuma ya kipande, unakiweka pembeni, zinadondoka bila wewe kuona. Kila unachokitoa kigeuze, angalia pande zote mbili, andika upande upi ulitazama pampu. Klachi za njia moja F1 na F2 weka alama ya mwelekeo kabla hazijatoka. F2 ukiigeuza, gari halitaondoka gia ya kwanza.

spana_kumi

Asanteni sana. Kipimo cha L: gari linazuiwa vizuri. Kupuliza upepo: zote zimegonga isipokuwa C3, inavuja kwa sauti. Nimeifungua. Pleti za karatasi (zenye bitana ya msuguano) zimekuwa nyeusi, namba zilizochapwa zimefutika, na pleti mbili za chuma zina rangi ya bluu. B3 inaonekana nzuri. Je, nibadilishe C3 peke yake?

mama_gia

Pleti zilizoungua ni matokeo. Ukizibadilisha ukaacha kilichoziunguza, gari linarudi.

Angalia mpira wa pistoni ya C3. Bonyeza kwa ukucha: mzima unarudi, uliokakamaa unabaki na alama au unakatika kama plastiki. Oili ikiwa baridi ni nzito na inavuja kidogo, ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni ya mpira huo. Pistoni inajaa taratibu, ndiyo sekunde zako tatu. Inaposhika, injini imeshapanda resi, ndiyo kishindo. Katikati ya hapo pleti zinasuguana bila kubanwa, ndipo zinapoungua.

Kisha angalia ringi za kuzibia presha, zile nyembamba kwenye shafti na kwenye shingo ya pampu au kava, pamoja na njia zinapokaa. Pitisha ukucha ndani ya ngoma zinapozungukia. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, ringi mpya haitaziba, ngoma ibadilishwe. Kama pistoni yako ina kigoroli cha kutolea presha, itikise uisikie kikicheza, kisha puliza pande zote mbili. Kikiganda wazi, klachi inavuja hata na mpira mpya.

Kwa hiyo nunua seti nzima ya mipira, sili, o-ringi, ringi na gasketi, uifunge kwenye klachi na breki zote. Mipira yote ina umri mmoja, na umeshafika huko. Pleti za karatasi, C3 ni lazima seti nzima. Nyingine kama namba zake bado zinasomeka na hazijabanduka, zinaweza kubaki. Pleti za chuma za bluu tupa. Chuma kikishapata moto hivyo kinapinda, kiweke juu ya kioo utaona mwanga ukipita chini yake.

fundi_wa_torki

Kwenye kufunga: pleti mpya za karatasi zilowe kwenye oili ya giaboksi angalau dakika 15, mimi naona heri saa zima. Pleti kavu ikishika mara ya kwanza inaungua juu juu. Mipira ipakwe oili hiyohiyo, na pistoni iingie kwa kuzungusha kidogo, ukiilazimisha unakunja mdomo wa mpira na hutaona. Beringi na washa zishikiliwe na mafuta ya mgando. Grisi usitumie, haiyeyuki vizuri ndani ya oili na inaziba vitundu.

Ukishafunga klipu ya C3, weka dayo geji juu ya pistoni, puliza kPa 392, soma inavyotembea. Linganisha na kitabu. Ikizidi au ikipungua, pleti nene ya mwisho inauzwa kwa unene tofauti kwa ajili hiyo. Pleti mpya bila kupima nafasi ni kubahatisha. Nafasi ikiwa kubwa, rivasi itachelewa kama ilivyokuwa. Ikiwa ndogo, klachi itaburuza hata ukiwa D.

Bolti za valvu bodi ni Nm 11, za sampu Nm 7.8. Ni kidogo mno kwa mkono uliozoea manual, tumia spana ya kipimo. Silikoni isipakwe ndani popote penye gasketi, vipande vyake vinaishia kwenye chujio. Chujio liwe jipya.

Torki konvata huwezi kuifungua gereji ya kawaida. Mwaga, jaza oili safi nusu lita, itikise, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Ikitoa chembe za chuma usiifunge. Kipozeo cha oili kiko ndani ya rejeta, kisafishe kwa kupuliza kinyume na mkondo wa kawaida. Unga wa C3 ya zamani umejaa mle, na ukiuacha utaingia kwenye valvu bodi uliyoisafisha jana. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, rejeta imetoboka ndani. Hapo pleti zote za karatasi zinabadilishwa, maji yanabandua gundi yake.

Wakati wa kurudisha konvata, izungushe huku ukiisukuma mpaka ishuke hatua zote na kushika pampu. Giaboksi ikishakutana na injini, konvata lazima izunguke kwa mkono na kuwe na nafasi kidogo kabla ya kukaza zile bolti sita. Ukilazimisha kwa bolti za kesi, gia ya pampu inavunjika injini inapowashwa.

spana_kumi

Oili nitumie ipi na lita ngapi?

mama_gia

Hii inatumia oili ya Toyota T-IV. Andaa madumu mawili ya lita 4. Kumwaga na kujaza kwa kawaida ni kama lita 3, lakini giaboksi na konvata vikiwa vitupu inakula zaidi ya sita. Usiweke zote mara moja: anza na nne, washa, ongeza nusu nusu injini ikiwa inazunguka. Pitisha lever toka P mpaka L na kurudi, ukae sekunde kadhaa kila mahali. Kipimo cha mwisho soma injini ikiwa sailensa, lever kwenye P, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80. Ikizidi, mwaga, maana oili iliyojaa inapigwa povu na povu halibebi presha.

Mwenye NZE141 anayesoma hapa asichukue ushauri huu wa oili, Fielder ile ina CVT (giaboksi ya auto isiyo na gia za hatua) na oili yake ni nyingine kabisa.

Gari likitoka, rivasi ijaribiwe likiwa na moto, kwenye ule ule mwinuko. Baada ya kilomita 1,000 shusha sampu, futa sumaku, weka lita 3 mpya.