Mrejesho: ile safari ya kayaki

Wakuu, niliuliza kama mgeni wa kayaki (kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia) anaweza kwenda na kikundi siku nzima, tukiambaa pwani iliyokingwa dhidi ya upepo. Nimeenda, nimerudi mzima. Mliosisitiza tuondoke asubuhi, asanteni: mchana upepo wa baharini ulipoamka, pale kwenye rasi maji yalichafuka na wengine wakaanza kuachwa. Kiongozi akatukusanya, mwenye mwendo mdogo akawekwa mbele, sote tukamfuata yeye. Yule aliyesema nipige kasia kwa kuzungusha kiwiliwili, nisitegemee mikono, ana akili sana. Jaketi okozi lijaribuni nchi kavu: likivutwa mabegani likapanda hadi masikioni, mikanda haijakaza. Ila malengelenge ya viganjani, jamani, mbona hamkuyataja?