Kwa nini hakuna chupa ya Château Musar ya mwaka 1976?

Mhudumu_Mezani:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninahudumu katika mgahawa wenye orodha ndefu ya mvinyo, na wiki iliyopita mgeni mmoja aliniambia kwamba amekusanya chupa za Château Musar, nyumba ya mvinyo ya Lebanoni, za miaka mingi, ila chupa ya mwaka 1976 hataipata kamwe, hata awe na fedha kiasi gani. Nilitikisa kichwa kana kwamba ninaijua sababu, kumbe siijui. Je, mavuno ya mwaka huo yaliharibika? Na jambo la pili: nimewahi kuonja chupa mbili za mvinyo wao mwekundu wa mwaka mmoja, nazo hazikufanana hata kidogo. Mojawapo ilikuwa mbovu?

Mzee_Kizibo:
Ndugu Mhudumu, zabibu zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuzipitisha. Ili uelewe, lazima uanze na jiografia ya nyumba hiyo. Gaston Hochar aliianzisha mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 20 tu aliyevutiwa na utengenezaji wa mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, na akaweka mapipa yake katika jengo la kale la karne ya 18 huko Ghazir, kaskazini mwa Beirut, upande wa baharini. Mashamba ya mizabibu, hata hivyo, yako Bonde la Bekaa, ng'ambo ya Mlima Lebanoni, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000. Wakati wa amani huo ni mwendo wa saa chache kwa lori. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1975 na kuendelea hadi 1990, safari ileile ikawa ya kuvuka mistari ya mapigano na vizuizi vya wanamgambo, kila msimu wa mavuno, huku zabibu zikiwa ni bidhaa isiyojua kusubiri.

Mwaka 1976 haikuwezekana kabisa, na ndiyo maana mgeni wako hataipata chupa hiyo. Mwaka 1984 malori yalichelewa njiani kiasi kwamba zabibu zilifika Ghazir zikiwa zimekwisha kuanza kuchachuka. Mvinyo ulitengenezwa, lakini haukuingizwa sokoni kama kawaida. Miaka mingine yote ya vita walitengeneza na kuuza. Mimi hustaajabia zaidi hiyo miaka mingine kuliko hiyo miwili.

Vita viliua pia soko la nyumbani, ambalo ndilo lililokuwa likinunua sehemu kubwa ya mvinyo wao. Serge Hochar, mwana mkubwa wa Gaston, aliyesomea utengenezaji wa mvinyo Bordeaux na kushika kazi hiyo mwaka 1959, akalazimika kuutafutia wanunuzi nje ya nchi. Mwaka 1979 alipeleka chupa zake kwenye maonyesho ya mvinyo ya Bristol, Uingereza, ambako Michael Broadbent, mwonjaji mashuhuri wa nyumba ya mnada ya Christie's, aliusifu sana mvinyo wa mwaka 1967, na tangu hapo Waingereza hawakuuacha. Jarida la mvinyo la Decanter lilimteua Serge kuwa mtu wake wa kwanza wa mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa 1984, uleule ambao zabibu zake zilichachukia barabarani.

Mwonjaji_Mkaidi:
Kuhusu swali la pili, nitasema wazi ingawa wapenzi wa Musar watanuna. Mvinyo huu mara nyingi una harufu ya siki inayopanda puani, na pengine harufu ya zizi la farasi, na katika nyumba nyingine ungehesabiwa kuwa na kasoro. Wao huuacha uchachuke kwa hamira ya asili, ndani ya matangi ya saruji, na hutia salfa, ambayo ni kihifadhi cha mvinyo, kidogo sana. Kwa hiyo kila chupa huzeeka kwa njia yake. Chupa zako mbili huenda zote zilikuwa nzima. Mwenyewe nimefungua moja nikaimwaga, na nyingine nikaificha ili wageni wasiione.

Mzee_Kizibo:
Sikatai, bwana. Ila ongeza kwamba mchanganyiko wenyewe wa zabibu za Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan hubadilika kufuatana na mwaka, kisha hukaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa takriban mwaka mmoja, na chupa haziuzwi hadi mwaka wa saba baada ya mavuno. Serge, aliyefariki siku ya mwisho ya mwaka 2014, hakutaka kuulazimisha mwaka mmoja ufanane na mwingine.

Binti_Bekaa:
Naomba kuongeza machache, kwa kuwa watu humtaja Serge peke yake. Mdogo wake, Ronald, ndiye aliyesimamia fedha na mauzo, na jina lake linatokana na Ronald Barton wa Château Langoa-Barton, nyumba ya mvinyo ya Bordeaux, ambaye alikuwa rafiki wa Gaston tangu alipokuwa mwanajeshi huko Lebanoni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina Musar nalo linatokana na Mzar, na anayejua Kiarabu atasikia humo mzizi uleule uliotupa maneno yetu "zuru" na "ziara". Kama mgahawa wako una mvinyo wao mweupe, usiupuuze: hutengenezwa kwa Obaideh na Merwah, zabibu za Lebanoni kwenyewe.

Mhudumu_Mezani:
Nawashukuru sana. Mgeni huyo amesema atarudi Ijumaa, na tunayo chupa moja nyekundu ya zamani. Niiandaeje?

Mzee_Kizibo:
Isimamishe wima tangu Alhamisi ili mashapo yatulie chini. Ifungue mapema, umimine polepole mbele ya mwanga, na usimame mashapo yanapokaribia shingo. Ukiweza, mpe mweupe baada ya mwekundu. Ndivyo Serge alivyokuwa akipenda kuwaandalia wageni wake.