Wauza enlaja za mtumba, acheni kuandika "filta ipo" wakati filta hakuna

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Nimenunua enlaja ya mtumba, yaani mashine ya kukuza picha kutoka kwenye negativu hadi kwenye karatasi, inayopokea negativu za 35mm mpaka sentimita 6x6, kwa muuzaji wa hapa Dar anayeleta mizigo kutoka Ulaya. Tangazo lilisema "iko kamili, filta ipo". Kabla sijatuma hela nikamuuliza: ni filta za kubadilisha kontrasti (tofauti ya weusi na weupe kwenye picha)? Akajibu ndiyo, zipo zote.

Nafungua boksi, kumbe filta anayoisema ni kile kidude chekundu kinachozungushwa chini ya lenzi!

Kwa ambao hawajawahi kusafisha picha kwa mkono: hicho chekundu ni cha kukusaidia kupanga karatasi huku taa ya mashine inawaka, karatasi isiungue, kwa sababu haioni mwanga mwekundu. Basi. Filta za kontrasti ni vipande vyembamba vya rangi, kuanzia njano mpaka majenta (pinki inayoelekea zambarau) iliyokolea, namba 00 hadi 5, na seti ya Ilford ina vipande 12. Kwenye karatasi ya multigredi, ile inayobadilisha kontrasti kufuatana na rangi ya mwanga, mwanga wa bluu huleta kontrasti kubwa, wa kijani huleta ndogo. Njano inazuia bluu, majenta inazuia kijani. Usipoweka filta yoyote unabaki kwenye gredi 2 hivi, upende usipende (gredi ni kipimo cha kontrasti, namba ikipanda nayo inapanda). Ilford walianza kuuza karatasi za aina hii mwaka 1940, kwa hiyo mtu anayefanya biashara ya enlaja leo asiniambie hajui filta ni nini.

Na mimi gredi 2 hainifai hata kidogo. Ninachotaka kusafisha ni negativu za harusi ya wazazi wangu, na ni hafifu mno, zinadai gredi 4 au 5. Bila filta shela la mama linatoka kijivu, ukuta nyuma yake kijivu, suti ya mzee kijivu. Hela ya enlaja nimeitoa kwa ajili ya picha hizo.

Nikampigia simu. Akatuma bodaboda na bahasha ya filta "za nyongeza". Ni za kusafishia picha za rangi! Zile za siani hazina kazi hapa. Za njano na majenta zingeweza kusaidia, lakini mtu alizikata kwa mkasi zitoshe mashine nyingine, na majenta zimepauka kwa joto la taa. Majenta iliyopauka inapitisha kijani ilichotakiwa kukizuia, kontrasti haipandi.

Halafu hata zingekuwa mpya, ningeziweka wapi? Droo ya filta haipo. Tundu lake limebaki wazi ubavuni mwa kichwa cha mashine, mwanga unavuja, unagonga ukuta na kurudi kwenye karatasi. Namwambia hivyo, ananijibu "weka tu juu ya negativu". Ndugu yangu, hiyo ni negativu ya pekee ya harusi ya wazazi wangu, nilaze juu yake plastiki yenye mikwaruzo? Filta inakaa kwenye droo karibu na taa, mbali na negativu, ndipo vumbi na alama za vidole zisionekane kwenye picha. Inaweza kukaa chini ya lenzi pia, ila hapo lazima iwe safi kabisa, maana picha yenyewe inapita humo. Hizi alizonitumia zikikaa hapo zinaua ukali wote wa picha.

Nimedai hela yangu, naambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Hiyo ni kwa mali iliyouzwa kama ilivyotangazwa. Hii haikuwa hivyo.

Wauzaji wote wa vifaa hivi, pigeni picha droo ya filta ikiwa imefunguliwa na rula pembeni. Filta mpya zinakuja za sentimita 8.9 kwa 8.9 au 15.2 kwa 15.2, mnunuzi akijua kipimo cha droo anajua aagize zipi na akate wapi. Kama droo haipo, andikeni haipo na mpunguze bei.

Mwenye droo kutoka studio iliyofungwa, au kishikio cha filta cha chini ya lenzi, anicheki inbox. Na wewe muuzaji, unajijua. Leta droo na filta ulizotangaza, au nirudishie hela yangu uje uchukue mashine yako.